Kitenge cha tarehe 1 Mei hakijengi jina la chuo

Kila likikaribia gwaride la tarehe 1 Mei, Siku ya Wafanyakazi, wakuu wa taasisi za elimu ya juu hapa jimboni Haut-Lomami, DRC, huniuliza swali lile lile: mwaka huu tuwashonee wafanyakazi kitenge cha rangi gani, ili waipende kazi na jina la chuo livume? Nimechoka kulijibu kwa adabu. Rangi yoyote. Haitasaidia.

Kinachomfanya mtu aipende kazi kilishachunguzwa: mwaka 1959 mwanasaikolojia Frederick Herzberg na wenzake walichapisha majibu ya wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh, Marekani. Waliosimulia siku za furaha kazini walitaja kazi iliyofanikiwa na kusifiwa kwa kazi hiyo. Waliosimulia siku mbaya walilalamikia utawala, usimamizi na mshahara. Wapo waliompinga Herzberg, lakini hakuna aliyempinga kwa kusema amesahau sare ya gwaride.

Kusifiwa kunataka mtu mmoja na tendo moja. Kitenge anapewa aliyeandaa maabara usiku, anapewa pia asiyeonekana tangu Krismasi. Basi hakimsifu yeyote. Na bei yake ikikatwa kwenye primi, yaani posho yao, ninyi wakuu mmewakopesha watu nguo wasiyoiomba. Na ile brevet, cheti cha mfanyakazi bora, inayozunguka kwa zamu, au kwa ukoo? Watu wanajua. Wanapiga makofi, kisha wanacheka njiani.

Kijana wa Kabondo-Dianda anayefikiria kwenda kusoma Kamina hatazami gwaride. Anamuuliza mjomba wake anayefanya kazi chuoni. Mjomba akiwa amefundisha miaka na miaka bila matrikuli, yaani namba ya mtumishi wa Serikali, wala mshahara wake, jibu lake ndilo jina la chuo.

Najua, mshahara unaamuliwa Kinshasa. Yaliyo mikononi mwenu ni haya: bandikeni ukutani hesabu ya primi, nani kapata nini na kwa nini. Fuatilieni mafaili ya wasio na matrikuli, mwape taarifa hata kama ni mbaya. Andikeni jina la fundi wa maabara kwenye ripoti. Barua ya shukrani itaje kazi yenyewe. Sheria namba 18/038 ya tarehe 29 Desemba 2018 imeshaweka hadhi ya wafanyakazi wa elimu ya juu. Hamna haja ya kubuni.

Anzeni na mafaili ya kupandishwa cheo yaliyolala sekretarieti. Yafungueni wiki hii.