Kabla ya Kukata Mpingo, Hesabu Inayobaki

Tazama gogo la mpingo lililokatwa leo asubuhi. Pembeni, chini ya gome, pana ukingo mwembamba mweupe unaoelekea umanjano. Ndani yake ndimo ulimo moyo mweusi, mzito kiasi kwamba kipande chake ukikitia majini huzama. Moyo huo ndio Wamakonde wanaouchonga vinyago, na ndio unaopelekwa Ulaya kutengenezewa zumari za okestra, klarineti na obo. Ule ukingo mweupe hauna mnunuzi.

Mti huo ulichukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Kwa msumeno wa mnyororo, kuuangusha ni kazi ya dakika chache.

Wilayani Kilwa, Tanzania, wanavijiji wamejifunza kujibu swali gumu: mwaka huu tukate mingapi? Hupima maeneo machache ya msitu yaliyochaguliwa kwa utaratibu, wakizungusha utepe kwenye kila shina, mita 1.3 kutoka ardhini, kisha wanaipanga miti kwa unene wake. Mfugaji anaielewa hesabu hii bila kufundishwa: hauzi dume kabla ya kujua zizini kuna ndama wangapi. Mipingo minene ikiwa mingi na miembamba michache, msitu unazeeka bila warithi, hata ukionekana umejaa.

Na hao warithi, adui wao mkubwa ni moto. Mpingo mchanga ukiungua hufa juu tu. Mzizi hubaki hai na kuchipua tena mvua zikinyesha. Moto ukirudi kila mwaka, chipukizi halipati nafasi ya kurefuka likavuka kimo cha miali. Mti mkubwa nao gome lake hujeruhiwa, ukungu ukaingia na kuula moyo, na siku ya kuvuna unakuta pango. Moto wa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, ndio mkali. Wataalamu wanashauri kuchoma mapema, mara baada ya masika, nyasi zikiwa bado na unyevu: moto hutambaa chini, huziruka sehemu nyingine bila kuziunguza, na huacha nafasi zisizo na kuni za kulisha moto wa kiangazi. Kwangu mimi, hakuna elimu ya msitu iliyo rahisi na yenye faida kuliko hii.

Msitu huohuo una mninga na mkongo wa mbao, una asali, dawa, kuni, na ming'oko inayochimbwa wakati chakula kinapopungua nyumbani. Anayeulinda kwa ajili ya mpingo anavilinda vyote.

Lakini nani atasubiri miaka 70 kwa mali isiyo yake? Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuusimamia na kubaki na mapato yake. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata ithibati ya kimataifa ya usimamizi bora wa misitu, ya FSC (Forest Stewardship Council), ya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji.

Nawe fundi, nawe unayejenga: kabla hujalipia mbao, mwombe muuzaji kibali cha kusafirishia, usome zimetoka msitu gani.