Nambari ya Behewa Isiseme Uwongo

Katika nyumba nyingi zilizo karibu na njia ya reli, watoto hujitengenezea magari ya moshi madogo kwa waya, mabati ya makopo na vipande vya mbao. Basi, wapenzi wasomaji, tumfikirie baba mmoja wa Lubudi anayemsaidia mwanawe kutengeneza behewa la abiria, mfano wa lile ambalo babu alisafiria mwaka 1936 alipotoka Kasai kuja kutafuta kazi katika kiwanda cha saruji. Behewa limekwisha, rangi imekauka. Mtoto ashika brashi, auliza: "Baba, niandike herufi gani ubavuni? Na nambari gani?"

Swali ni fupi, lakini hatuna budi kulijibu kwa uangalifu. Behewa lisilo na herufi ni sanamu tu. Likiisha kuandikwa limekuwa shahidi, na shahidi yatupasa kumwuliza: asema kweli?

Jambo la kwanza ni kuujua mwaka. Reli kutoka kusini ilifika Bukama mwaka 1918, ikiisha kupita Tenke na Lubudi. Kampuni iliyoendesha magari ni ile ya Bas-Congo-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ambayo wazee wetu waliijua kwa herufi zake tatu, BCK. Mwaka 1928 njia ilifunguliwa hadi Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo. Kabla ya hapo hapakuwa na mtu aliyeweza kusafiri kwa reli moja kutoka Ilebo hadi Lubudi. Mwaka 1952 yakaja majina mapya, Katanga-Dilolo-Léopoldville, kwa kifupi KDL. Miji ilipobadilishwa majina, herufi zilibaki zile zile, ila maana yake ikawa Kinshasa-Dilolo-Lubumbashi. Mwaka 1974 kampuni za reli ziliunganishwa kuwa SNCZ, na mwaka 1997, nchi ilipoacha jina la Zaire, ikawa SNCC.

Hapa twapata kanuni moja iliyo njema. Jina jipya haliwezi kutangulia kuzaliwa kwake, lakini jina la zamani laweza kudumu ubavuni mwa behewa kwa miaka mingi. Maana behewa hupakwa rangi lifikapo karakana, si siku ile sheria itiwapo sahihi. Kwa hiyo behewa la mwaka 1936 lenye herufi KDL ni kosa lisilo na udhuru. Bali behewa la mwaka 1975 ambalo bado laonyesha KDL laweza kuwa sahihi kabisa.

Ushahidi tutautafuta wapi? Kwanza katika picha za zamani zilizowekwa sandukuni. Tusitazame nyuso za watu tu, tutazame na nyuma yao. Tuhesabu madirisha na milango, tusome kibao cha safari. Kibao kikisema Élisabethville, picha yaelekea kuwa ya kabla ya 1966, mwaka mji ulipoitwa Lubumbashi. Pili, kama behewa kuukuu limesimama mahali, tutafute kibati cha mtengenezaji chenye mwaka, na herufi zilizochongwa katika vyuma karibu na magurudumu. Rangi hubadilishwa upesi, chuma hukawia. Tatu, tuwaulize wazee waliofanya kazi relini, kila mmoja peke yake, kisha tulinganishe maneno yao.

Vipimo navyo vina haki yao. Reli zetu zaachana milimita 1067. Mtu akitumia reli za kuchezea zenye upana wa milimita 16.5, kipimo kinachofaa ni moja kwa 64. Hivyo behewa la mita 16 litakuwa na urefu wa sentimita 25, na herufi yenye kimo cha sentimita 32 itakuwa ya milimita 5. Kama behewa lina nambari isiyo yake, ifutwe polepole kwa pamba iliyotiwa spiriti kidogo, ikijaribiwa kwanza chini ya sakafu ili rangi isiharibike. Nambari mpya iandikwe kwa brashi nyembamba, ikauke, ndipo ipakwe vanishi.

Pengine mtu atasema: "Huu ni mchezo wa watoto, nambari yafaa nini?" Na tutazame Nairobi. Katika jumba la makumbusho la reli, lililofunguliwa mwaka 1971, limo behewa nambari 12, ambamo simba alimkamata na kumwua afisa wa polisi Ryall huko Kima, tarehe 6 Juni 1900. Mabehewa ya zamani ni mengi, lakini nambari hiyo ndiyo inayounganisha mbao zile na usiku ule.

Na sisi tunazo safari zetu zisizosahaulika. Mwaka 1992 na 1993 familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi. Zilikaa stesheni zikingoja gari la moshi, na wako waliokufa wakingoja na waliokufa njiani. Njia ya reli iendayo Kasai yapita Lubudi. Mtoto akitengeneza behewa la safari hiyo, kisha akaliandika SNCC, ameisogeza huzuni ya watu hadi wakati usio wake. Waliofukuzwa wastahili angalau mwaka wao uandikwe sawa.

Tena tusione haya kuacha mahali wazi. Nambari iliyobuniwa yapendeza macho, lakini yafunga mlango, kwa kuwa ajaye ataiamini wala hatatafuta tena. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi chini ya sakafu ya behewa ibandikwe karatasi ndogo yenye maneno matatu: mwaka uliokusudiwa, habari zilipatikana kwa nani, na jambo ambalo bado halijajulikana.

Kwa hiyo baba yule wa Lubudi amjibu mwanawe hivi: "Andika BCK, mwanangu, kwani babu yako alikuja mwaka 1936. Mahali pa nambari pache hivyo hivyo. Kesho tutakwenda kwa wazee wa reli, tukawaulize."