Stima Ikipotea, Saa ya Mashine Isisahau

Vikundi vingi siku hizi vinatumia mashine ya kuangulia vifaranga. Mayai ya kuku hukaa humo siku 21, na hugeuzwa kila siku hadi siku ya 18. Shida ni kwamba kwa mashine zingine, stima ikipotea usiku, saa yake husahau hesabu na kuanza upya. Asubuhi akina mama wanabaki kubishana: leo ni siku ya 17 ama ya 19? Na mayai hayo ni pesa ya kikundi.

Dawa yake ni kapasita, kifaa kidogo ambacho kila fundi wa redio anakijua. Stima ikiwako hujaa, ikipotea huilisha saa polepole. Tuifananishe na mtungi wenye bomba ubavuni. Maji yaliyo chini ya bomba hayatoki. Vivyo hivyo, volti zikishuka mno saa huzima, hata kama kapasita haijaisha.

Tununue ya ukubwa gani? Tujue kwanza mambo matatu:

1. Saa inakula umeme kiasi gani? Tuseme ampea 0.00001. Fundi atatupimia.
2. Tunataka idumu kwa muda gani? Tuseme masaa 12, yaani sekunde 43,200.
3. Volti zinaweza kushuka kiasi gani? Tuseme kutoka 4.5 hadi 2.5, yaani 2.

Zidisha ampea kwa sekunde, upate 0.432. Gawanya kwa volti 2. Jibu ni faradi 0.216.

Lakini tusinunue hiyo hiyo kamili. Kapasita huvuja kidogo, na ikizeeka hupungua nguvu. Tuchukue kama mara mbili: faradi 0.47, ya volti 5.5. Fundi aweke pia dayodi, ili umeme usirudi nyuma kwa taa na mota, pamoja na rezista ya kupunguza kasi ya kujaa.

Tusidanganyike, kapasita hii ni ya saa pekee. Balbu ya wati 60 ya kupasha mayai joto ingeimaliza kabla ya sekunde moja kuisha. Joto litafutiwe njia nyingine.

Mwisho, tujaribu kabla ya kuweka mayai. Tuache mashine ikiwaka mchana kutwa, tuizime jioni, halafu tuiwashe asubuhi. Saa ikikumbuka, kazi imefanyika.