Dawa moja, utumbo mmoja, majibu tofauti

Infliximab ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kutibu ugonjwa wa Crohn, wagonjwa waliochoka na steroidi na visu vya upasuaji walipata dawa ya aina mpya. Ni kingamwili, protini inayozalishwa na seli hai maabarani, na kazi yake ni moja tu: kuikamata TNF, protini ya mwili inayochochea uvimbe. Mgonjwa hutundikiwa dripu, hurudi wiki ya pili na ya sita, kisha kila baada ya wiki nane. Kuna ambao kuharisha kwao hukoma, tumbo likatulia na kilo zilizopotea zikarudi. Wengine humaliza dripu zote tatu za mwanzo wakiwa vilevile.

Nani atakuwa wa kundi lipi? Swali hilo limewakosesha madaktari usingizi kwa zaidi ya miaka 20, na si swali la kitabuni. Katika Crohn, na katika ndugu yake, kolitisi ya vidonda, kinga ya mwili huushambulia utumbo bila kuacha. Hakuna tiba ya kuyamaliza magonjwa haya. Kinachotafutwa ni nafuu ndefu. Kila mwezi unaopotea kwenye dawa isiyofaa, Crohn huendelea kutia makovu, utumbo ukajikunja na kuziba, au ukatoboka na kufanya fistula. Makovu hayo hayafutiki hata dawa sahihi ikipatikana baadaye.

Jibu lililonivutia kuliko mengine lilitoka Uingereza mwaka 2019, katika utafiti uitwao PANTS. Wagonjwa 1,610 wa Crohn walifuatiliwa wakitumia infliximab au mwenzake, adalimumab. Kufikia wiki ya 14, karibu robo yao dawa ilikuwa imewakataa. Baada ya mwaka, asilimia 63 hawakuwa na nafuu kamili. Watafiti walipekua kila walichoweza kupima, na kwa walioshindwa mapema, jambo moja ndilo lililojitokeza wazi: dawa ilikuwa kidogo mno ndani ya damu yao.

Maana yake ni nzito. Wengi wa hawa haikuthibitika kwamba dawa haiwafai. Haikuwafikia vya kutosha. Utumbo uliochubuka sana huvujisha protini kwenye choo, na dawa yenyewe ni protini, kwa hiyo mgonjwa mahututi ndiye anayeipoteza haraka zaidi. Unene na sigara navyo viliandamana na kiwango kidogo cha dawa. Tena mwili unaweza kuiona dawa kuwa mgeni ukaitengenezea kingamwili za kuipiga vita.

Kuhusu hizo kingamwili, jeni zina la kusema. Mwaka 2020 timu hiyohiyo ilieleza kwamba wenye aina ya jeni iitwayo HLA-DQA1*05, ambayo hubebwa na takriban asilimia 40 ya Wazungu, wana hatari karibu maradufu ya kuzitengeneza. Kuongeza dawa ya kutuliza kinga, kama azathioprine, huipunguza hatari hiyo. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote juu ya uzito wa jeni hili. Na hesabu yenyewe ilifanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo nisingependa kuona daktari wa Mombasa au Mwanza akiichukua ilivyo.

Wapo pia ambao dawa imewajaa damuni lakini haiwasaidii, kwa kuwa moto wao unachochewa na protini nyingine. Kuizuia TNF kwao ni kufunga mlango wakati mwizi amepitia dirishani. Watafiti wa Oxford walionyesha mwaka 2017 kwamba utumbo wenye protini iitwayo onkostatini M kwa wingi kabla ya matibabu mara nyingi huzishinda dawa za kuzuia TNF. Huko Erlangen, Ujerumani, mwaka 2014, wenzao waliitia adalimumab rangi inayong'aa, wakainyunyiza ndani ya utumbo na kutazama kwa darubini ni seli ngapi zinaishika. Kati ya wagonjwa 12 wenye seli nyingi zilizong'aa, 11 walipata nafuu. Kati ya 13 wenye chache, wawili tu. Matokeo mazuri, ila ni watu 25, na hadi leo kipimo hicho si cha kawaida hospitalini.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 2024. Jaribio la PROFILE, lililoongozwa na Profesa Miles Parkes wa Cambridge, liliwachukua wagonjwa 386 waliogunduliwa karibuni kuwa na Crohn. Walipimwa damu kusoma jeni za chembe nyeupe, kwa matumaini ya kujua nani ugonjwa wake utakuwa mkali na hivyo anahitaji dawa nzito tangu mwanzo. Kipimo hakikusaidia kuchagua. Lakini walioanzishiwa infliximab mapema pamoja na dawa ya kutuliza kinga, asilimia 79 walikaa mwaka mzima na nafuu bila steroidi wala upasuaji. Waliopandishwa dawa hatua kwa hatua walikuwa asilimia 15. Upasuaji wa tumbo wa dharura ulikuwa mmoja upande wa kwanza, kumi upande wa pili.

Naona hapo ndipo fikra zinapaswa kuhamia. Tumesubiri sana kipimo cha utabiri, kumbe kuchelewa ndiko kulikokuwa kunaumiza. Anza mapema, na kabla ya kuitupa dawa, pima kiwango chake katika damu.

Afrika Mashariki kuna hatua inayotangulia hayo yote, nayo ni kifua kikuu. TNF ndiyo inayosaidia kuwafungia bakteria wa TB waliolala mwilini, ikizuiwa, huamka. Mwaka 2001 tayari visa 70 vya TB baada ya infliximab vilikuwa vimeripotiwa. Isitoshe, TB ya utumbo hufanana mno na Crohn, mara nyingi ikikaa palepale utumbo mwembamba unapokutana na mpana. Kumpa mgonjwa wa TB hiyo infliximab kunaweza kumuua. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa ngozi au damu na kupigwa eksirei ya kifua, na TB iliyolala ikionekana, dawa zake huanza wiki kadhaa kabla ya dripu ya kwanza.