Faranga Inayong'aa Kama Kioo

Mwaka 1965, mwaka mmoja kabla ya ufalme kuanguka, Burundi ilitoa faranga 1 ya shaba njano yenye maandishi Royaume du Burundi. Leo faranga hiyo hainunui hata njiti ya kiberiti katika maduka ya Buyenzi, Bujumbura. Wakusanyaji wa sarafu, hata hivyo, wana swali jingine la kuiuliza: ilitoka kiwandani wakati gani? Mwanzoni mwa kazi, muhuri ukiwa mpya, au mwishoni, muhuri ukiwa umechoka?

Jibu huonekana kwa macho. Sarafu hutengenezwa kwa kubana kipande cha madini katikati ya mihuri miwili ya chuma kigumu. Mihuri hiyo ikiwa imeng'arishwa vizuri kabla ya kazi, sarafu za kwanza hubeba mng'ao wake: sehemu tambarare, ambayo wakusanyaji huiita uwanja, hurudisha sura ya mtazamaji. Kazi inavyoendelea, madini yanayosukumwa kuelekea ukingoni huikwaruza mihuri kidogo kidogo, na sarafu zinazofuata hutoka na mng'ao laini usioakisi kitu. Ni nzuri pia, ila kioo kimekwisha.

Watu wengi huchanganya sarafu hizi na zile maalumu zinazoitwa prufu. Prufu hutengenezwa kwa makusudi: mihuri hung'arishwa, vipande vyenyewe hung'arishwa, mashine hupiga zaidi ya mara moja, na kila sarafu hushikwa kwa uangalifu hadi iingie kwenye kasha. Sarafu ya mng'ao wa kioo ni ndugu yake maskini. Ilitengenezwa iende sokoni ikanunue chumvi, ikapata sura ya prufu kwa sababu tu ilitangulia kwenye foleni. Hapo ndipo mkusanyaji mwenye mfuko mdogo anapopata nafasi yake.

Burundi inazo prufu zake. Kwa heshima ya uhuru wa Julai 1, 1962, zilitolewa sarafu za dhahabu zenye sura ya Mwami Mwambutsa IV, za faranga 10, 25, 50 na 100. Baada ya Kapteni Michel Micombero kutangaza jamhuri Novemba 28, 1966, zikaja za dhahabu zenye sura yake, zenye tarehe ya 1967. Hazikulengwa kwa muuza ndagala wa kando ya Ziwa Tanganyika wala kwa mwalimu wa Bwiza. Zililengwa kwa wanunuzi wa nje. Dhahabu ina bei yake ya dunia, na mtu anayelipwa kwa faranga za Burundi hawezi kushindana na bei hiyo, hasa tangu faranga iliposhushwa thamani Mei 2023, wakati dola yenyewe ni shida kupatikana. Ushauri wa kweli kwa anayeanza ni kuziacha hizo. Na dhahabu inayouzwa njiani kwa bei ya kutupa aiache mara mbili.

Utajiri wa mtu wa kawaida uko kwenye makopo ya zamani majumbani. Katika miaka ya 1950 Wabelgiji walitoa sarafu za alumini zenye mti wa mchikichi, zikitaja pamoja Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi. Kisha ikaja faranga 1 ya shaba njano yenye simba, ya benki iliyotoa fedha za Rwanda na Burundi kwa pamoja. Tarehe zake ni 1960, 1961 na 1964, na mwaka huo wa mwisho ndipo nchi hizo mbili zilipoachana kifedha. Baada yake ni ile faranga ya ufalme ya 1965. Mwaka 1968 Benki ya Jamhuri ilitoa faranga 5 za alumini, na faranga 10 za shaba iliyochanganywa na nikeli, zilizounganishwa na kampeni ya chakula ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Faranga 1 ya alumini ikafuata mwaka 1970. Miaka kumi na kidogo, na ndani yake ukoloni, ufalme na jamhuri, vyote kwenye vipande vinavyoenea kiganjani.

Kwa bei, sarafu hizi zikiwa zimechakaa ni za bei rahisi mno. Kazi iko kwenye kutafuta nzuri. Alumini ni laini. Sarafu zikigongana tu ndani ya gunia la benki huchubuka, kwa hiyo faranga 5 ya 1968 yenye uwanja safi ni adimu kuliko tarehe yake inavyodai. Shaba na nikeli ni ngumu zaidi na huhifadhi kioo vizuri, ndiyo maana faranga 10 ya 1968 ni mahali pazuri pa kuanzia.

Namna ya kupima ni nyepesi. Shika sarafu kwa ukingo, iweke wima juu ya karatasi yenye maandishi, kisha isogeze nyuma taratibu huku ukitazama uwanja wake. Herufi zinazosomeka zikiwa umbali wa sentimita 5 hadi 10 zinaonyesha kioo cha kweli. Herufi zikizidi kusomeka mbali ya hapo, umepata kitu cha kukifunga vizuri.

Hapa ndipo wengi wanapotapeliwa. Sarafu ya shaba iliyosuguliwa kwa limao na majivu nayo hung'aa, na muuzaji ataiita mpya. Chukua lenzi. Fundi wa kiwandani anapong'arisha muhuri, huacha vijistari ambavyo kwenye sarafu huonekana vimeinuka, na vikifika kwenye herufi au picha hukoma, kwa sababu herufi zimezama ndani ya muhuri na kitambaa chake hakizifikii. Anayesugua sarafu yenyewe huacha mikwaruzo iliyozama, inayopita juu ya uwanja, juu ya herufi, juu ya kichwa cha simba, bila kusimama popote. Tofauti hiyo ikishajulikana, jicho halidanganyiki kirahisi tena.

Nchi nyingine zimeufanya mng'ao huu kuwa bidhaa. Nchini Marekani, dola za fedha za Morgan, zilizotengenezwa kuanzia 1878 hadi 1904 na tena 1921, hupangwa kwa madaraja ya kioo, na lenye kioo kinachoakisi kwa mbali hulipiwa zaidi. Kanada iliwauzia wananchi seti za sarafu 6 zenye mng'ao huo ndani ya mfuko wa plastiki, na mwaka 1965 peke yake ziliuzwa karibu milioni 2.9. Kwa wingi huo, seti nyingi za wakati ule hufuata bei ya fedha iliyomo kuliko uadimu. Warundi wenye ndugu Montreal au Ottawa wanaweza kuagiza moja kama zawadi. Itawafundisha macho kuliko maelezo ya mdomo.

Jirani zaidi, Tanzania ilizindua sarafu zake mwaka 1966, zenye sura ya Mwalimu Nyerere upande mmoja, na sungura, mbuni, samaki na Mwenge wa Uhuru upande wa pili. Zilitoka za kawaida kwa wingi, na prufu chache kwa ajili ya wakusanyaji. Anayeweza kulinganisha shilingi ya kawaida iliyo safi na ya prufu ataelewa kwa dakika moja kinachotafutwa.

Kupata ni nusu ya kazi. Bujumbura ni mji wa joto, na unyevu wa Ziwa Tanganyika hauna huruma kwa shaba. Kidole kimoja chenye jasho kikigusa uwanja, alama yake itakuja kuonekana baada ya miezi. Mifuko laini ya plastiki hutoa kemikali inayoacha utando wa kijani. Afadhali bahasha ndogo za karatasi safi au vikasha vya plastiki ngumu, ndani ya kopo linalofunga, pamoja na kile kipakiti cha kukausha unyevu kinachokuja na viatu vipya.

Hatari kubwa kuliko zote ni kikaango. Alumini ya zamani huyeyushwa kuwa sufuria kila siku katika miji ya Afrika Mashariki, na anayenunua chuma chakavu haangalii tarehe. Mwenye kopo la sarafu za babu yake uvunguni alifungue mchana huu, azitandaze juu ya kitambaa karibu na dirisha, atenge zile zinazoakisi, na asizisugue hata moja.