Kidonda Kimefunga, Kidole Hakikunjiki

Panga likimponyoka mkulima wa Kwakoa, huko tambarare chini ya milima ya Upare, damu ikazuiwa na ngozi ikashonwa, nyumbani watu hushukuru kwamba yamekwisha. Wiki chache baadaye kidonda kimefunga, lakini akijaribu kukunja kidole, ncha inabaki imenyooka. Ngozi ilishonwa, kano haikushonwa, na kipande kinachovutwa na msuli kimekwisha kurudi nyuma, pengine hadi kiganjani.

Kuligundua hilo mapema hakuhitaji mashine. Mhudumu wa zahanati akizuia kiungo cha kati kisipinde, kisha mgonjwa akashindwa kukunja ncha, jeraha hilo, hata likiwa dogo, ni la kuwahishwa kwa daktari wa upasuaji, kwa mfano katika hospitali ya KCMC, Moshi.

Pagumu zaidi kushona kano ni kati ya kiganja na kiungo cha kati cha kidole, ambapo kano mbili hupita katika ala moja nyembamba. Sterling Bunnell, bingwa wa Marekani, alishauri kano zisishonwe hapo mara tu baada ya jeraha, na kwa miongo kadhaa alisikilizwa. Mwaka 1967 Harold Kleinert wa Louisville aliwaonyesha wenzake kwamba inawezekana, mradi kidole kisiachwe kilale.

Maana kovu halichagui. Linaunga ncha mbili za kano, na papo hapo linaigandisha kano kwenye ala, isiteleze tena. Ukituliza mkono, kidole kinakakamaa. Ukivuta kwa nguvu mapema, uzi unakatika. Kwa hiyo siku chache baada ya upasuaji mgonjwa huanza mazoezi ya taratibu, mkono ukiwa ndani ya banzi, kwa takribani wiki sita. Jembe husubiri kama miezi mitatu.

Miezi mitatu ni msimu mzima wa shamba! Hapa ndipo, kwa maoni yangu, kidole hupotea: si kwenye chumba cha upasuaji, bali nyumbani, mbali na mtaalamu wa mazoezi, nauli ikiwa haipo. Ndugu anayemuuguza afundishwe mazoezi hayo wodini kabla ya mgonjwa kuruhusiwa, ayafanye mbele ya mtaalamu hadi ayajue. Na aambiwe wazi: kidole kilichokuwa kikijikunja kikiacha ghafla, huenda kano imekatika upya, warudi hospitali siku hiyohiyo.