Mpango Mzuri Hushinda Mashine ya Mbio

Mkiambiwa kompyuta ya kikundi iko pole pole na mtoe akiba mnunue ingine, ulizeni kwanza: kazi yenyewe inafanywa kwa njia gani?

Tuseme ushirika wa kahawa hapa Embu una wanachama 1,000, na mkulima anauliza malipo yake. Karani akianza jina la kwanza, pengine atasoma yote 1,000. Lakini daftari likipangwa kwa alfabeti, anafungua katikati. Jina liko mbele ama nyuma? Nusu moja anaiacha, anafungua katikati ya ile iliyobaki, hivyo hivyo. Hatapita majina 10.

Kompyuta ni vile vile. Lugha ya programu iliyo na mbio ni kama karani mwenye macho mepesi. Hata akisoma mara 10 kuliko mwenzake, akipitia majina 1,000 atachoka bure. Yule wa pole pole mwenye mpango atakuwa amemaliza zamani.

Kweli, kupanga pia ni kazi, na kila jina jipya lazima liwekwe mahali pake. Kikundi cha watu 20 hakina haja ya kujisumbua.

Kwa hivyo, kabla ya kugusa pesa za wanachama, mweka hazina amwulize fundi: tukiongezeka mara mbili, kazi itaongezeka kiasi gani? Kwa kusoma moja moja, itakuwa mara mbili. Kwa kugawa nusu, ni hatua moja tu zaidi.